Karani wa Mizani

Lori huja tupu, nalipima.
Hurudi na mawe ya chokaa, nalipima tena.
Natoa dogo kwenye kubwa; kinachobaki ndicho hulipiwa.
Kazi yangu hiyo, nje kidogo ya Sohar,
ndani ya kibanda cha bati chenye kiyoyozi kinachokohoa,
tangu saa kumi na moja alfajiri,
kabla jua halijakumbuka tulipo.

Mimi ni mtu wa mizani nisiye na vina.
Mnisamehe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilipewa uwanja wa ndege:
mkataba, buti namba arobaini na tatu, kofia ya njano,
na bwana mmoja aliyeniomba pasipoti kwa upole,
akaitia kwenye droo, akageuza ufunguo.
Ugeni ulikuja baadaye, umechelewa
kama mshahara wa mwezi wa kwanza.

Ulikuja siku Humaid, mkuu wa zamu, aliponikalisha mkekani,
tende mbele yangu, dele mkononi mwake.
Akamimina kahawa yenye iliki, kidogo,
kiasi cha kulowesha ulimi.
Nikanywa. Akamimina. Nikanywa. Akamimina.
Kwetu Nachingwea kumkatalia mwenyeji ni kumtukana;
kwao kumwacha mgeni na finjani kavu ni aibu.
Basi tukashikana pale, wafungwa wa adabu,
yeye mkono unamtetemeka, mimi moyo
unanidunda kama mashine ya kusaga,
hadi Biju wa stoo ya vipuri akapita na makaratasi yake,
akaniinamia sikioni: "Kitikise hicho kikombe, ndugu yangu."

Nikakitikisa.
Humaid akashusha dele, akashusha na pumzi,
akacheka mpaka kilemba kikalegea.
Vikombe tisa.
Jina langu Chilumba lilikuwa likimkwama menoni;
tangu siku ile ananiita Bu Tisa,
kwa kuwa tisa yao na tisa yetu ni moja.

Mwezi wa saba, saa sita na nusu, kazi husimama kwa amri ya joto.
Madereva hulala chini ya malori yao, miguu nje.
Biju hufungua mikebe yake minne iliyopandana,
na siku moja, katika mkebe wa tatu,
chini ya mchuzi mwekundu wa samaki,
nikaona kitu cheupe, kimepondwa na nazi.
"Kapa," akasema. "Kwetu Kerala, chakula cha maskini."
Miezi kumi na minne nilikuwa nakula wali, mkate, wali.
"Muhogo," nikasema,
sauti ikakatikia kwenye *ho*.
Hakuuliza. Alisukuma mkebe wote upande wangu,
akaandika neno lile kiganjani kwa kalamu ya ofisi,
akakosea herufi moja.

Gul Zamin, dereva wa lori la kumi na nane,
hupokea stakabadhi yake dirishani
na kuacha komamanga.
Hasemi kitu. Hatuna lugha.
Nimejaribu kuliweka kwenye hesabu, haiwezekani:
mizani ya malori huhesabu kwa ishirini ishirini,
komamanga kwake ni sifuri,
tende sifuri, finjani sifuri,
na mtu akikupa nusu ya chakula chake, sifuri.

Juzi, zamu ya usiku, hakuna lori,
nikatoka nikasimama mwenyewe katikati ya lile bamba la chuma.
Daktari wa viza alinipima sabini na moja.
Kioo kikawaka: themanini.
Najua, chombo hiki hukadiria.
Najua pia pasipoti bado imo drooni.
Lakini mazoea ni mazoea;
nikatoa dogo kwenye kubwa.

Tisa.

Nyuma yangu taa zikawaka, honi ikalia,
Gul Zamin amefika na mawe yake,
ananipungia mkono: sogea, mtu ana kazi.